Kahawa Tamu Kwenye Kompyuta ya Ami Midhat

Wiki iliyopita tuliachana kikombe kikiwa hewani. Leo kimetua.

Kwa msomaji ambaye gazeti lake la wiki jana lilitumika kufungia samaki: naitwa Hilmi, mtu wa Damanhur, na Alhamisi hii nafunga ndoa na Naglaa, Mungu akipenda na mama yake, Bi Inshirah, akipenda. Tumeshavuka pete iliyogoma kuingia kidoleni. Tumeshavuka shangazi yangu aliyesifia mapazia ya watu mpaka wakadhani anataka kwenda nayo. Jumapili alasiri nilisimama kwa adabu kupokea kahawa mkononi mwa mama mkwe, goti langu likagonga meza.

Kikombe kilitua kifudifudi juu ya kompyuta ya Ami Midhat, iliyokuwa wazi mezani, inawaka.

Ami Midhat ni ndugu wa marehemu baba yake Naglaa. Ndiye atakayekaa mbele ya sheikh na kutoa mkono wa kumwoza mtoto. Bila yeye hakuna ndoa. Amefundisha sarufi ya Kiarabu huko Kuwait mpaka nywele zikaisha, na hata akikohoa unahisi amekusahihisha. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na kitabu chake cha sarufi, kazi ya uzeeni mwake.

"Nakala nyingine ya kitabu iko wapi, Ami?" nikamuuliza.

"Nakala nyingine ya nini? Wewe una roho ngapi?"

Ningekuwa nimemwaga maji, ningesema afadhali. Lakini katika nyumba ile mchumba hunyweshwa kahawa ya sukari nyingi, inayonata midomoni. Kahawa isiyo na sukari kwetu ni ya matanga. Naglaa aliwahi kuniambia kwamba mara ya mwisho mama yake kuipika ile chungu ilikuwa siku waliyomzika baba.

Nikatoa kitambaa ili nifute. Bi Inshirah akanikamata kifundo cha mkono.

"Acha. Kahawa ikimwagika ni kheri."

"Mama, inaingia ndani."

"Kheri huingia ndani. Ukiifuta, unafuta bahati ya binti yangu."

Tukakaa watu wanne tukiitazama kheri ikizama katikati ya vitufe. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kahawa hawakuitaja, nadhani kwa sababu hawakuwa na mama mkwe kama wangu.

Kioo cha kompyuta kikaanza kumetameta.

"Inshirah," akasema Ami Midhat bila kupandisha sauti, "kheri yako imeshafika kwenye vitenzi."

"Usijitie presha, shemeji. Kwani humu ndani hatuna mhandisi wa kompyuta?"

Wote wakanigeukia.

Sasa hapa lazima nitue kidogo nijieleze, maana ndipo nilipokalia kuti kavu tangu siku ya posa.

Mji wetu wote ni bashmuhandis, yaani mhandisi mkuu. Fundi bomba ukitaka aje leo badala ya kesho kutwa, unamwita bashmuhandis. Muuza matikiti ukitaka akugongee lililoiva, bashmuhandis. Mimi jina hilo ninalo kwa haki, kwa sababu nina shahada ya kilimo, na aliyesoma kilimo kwetu ni mhandisi wa kilimo. Nakagua viazi vya mbegu. Ni kazi ya heshima na inachafua kucha.

Mwezi wa posa king'amuzi cha Bi Inshirah kiligoma katikati ya tamthilia. Nikakizima, nikakiwasha. Kikafanya kazi. Kesho yake jengo zima, kutoka bawabu hadi mjane wa ghorofa ya juu, lilijua kwamba Naglaa anaolewa na mhandisi wa kompyuta.

Sikusema uongo. Nilinyamaza tu, na kwa Bi Inshirah kijana anayenyamaza ana adabu.

Mtaniuliza, kiazi kina aibu gani? Kabla yangu alikuja kuposa daktari. Walipokwisha kula ndipo ikajulikana ni daktari wa mifugo. Bi Inshirah alimsindikiza mpaka mlangoni na kumwambia: "Mwanangu, mimi niliomba daktari, Mungu akaniletea wa ng'ombe. Msalimie mama yako." Yule bwana hakurudi tena. Mimi ningeitwa mhandisi wa nini?

Basi wote wananitazama, na kahawa inazama. Nikafungua mdomo niseme ukweli. Naglaa akanikanyaga mguu chini ya meza.

Nikafanya niliyoyajua. Nikachomoa waya wa umeme. Nikabana kitufe cha kuzimia mpaka kioo kikawa cheusi. Nikaigeuza kompyuta kichwa chini, wazi, ikasimama juu ya zulia kama hema. Kahawa ikaanza kudondoka.

"Umeiua," akasema Ami Midhat.

"Nimeizima, Ami."

"Kuna tofauti?"

"Ipo, ikiwaka tena."

Bi Inshirah alikuwa ameshaenda jikoni. Akarudi na bakuli kubwa.

"Mchele. Simu ya dada yangu ilitumbukia chooni, ikalazwa kwenye mchele, mpaka leo inapiga kelele kama mwenyewe."

Nikachungulia. Ulikuwa mchele wa kujazia kabichi. Ulishachanganywa na nyanya, kitunguu, majani ya shibiti na samli.

"Mama, huu umeshaungwa."

"Mchele ni mchele."

"Utaingia chini ya vitufe, mama. Tutatoa kahawa tuweke kabichi."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumpinga tangu nimjue. Akamgeukia shemeji yake.

"Umesikia? Ndivyo wanavyosema wenye elimu yao."

Nikaibeba kompyuta jikoni, penye mwanga. Naglaa akanifuata na pamba na chupa ya spiriti, pamoja na mashine yake ya kukaushia nywele.

"Hiyo rudisha," nikamwambia. "Joto litayeyusha plastiki."

"Umejuaje?"

"Niliwahi kukausha vibandiko vya magunia nayo."

Nikawa nachomoa vitufe kimoja kimoja kwa ncha ya kijiko cha chai, yeye anavipanga kwenye kisosi. Chini ya kila herufi kulikuwa na sukari. Nalowesha pamba kwa spiriti, nakamua, napangusa, naendelea.

"Hilmi, unajua unachofanya?"

"Nafanya kama mbegu za viazi. Zikilowa unazitenga, unazipangusa, unazianika kivulini penye upepo. Ukizikimbiza juani zinaoza kwa ndani."

"Kompyuta si kiazi."

"Natumaini haijui."

Akacheka kwa pua, akiziba mdomo na kiganja ili sebuleni wasisikie. Nampenda Naglaa. Nalisema hapa gazetini kwa sababu pale jikoni sikulisema, nilikuwa nimeshika pamba.

"Acha nimwambie mama yako leo," nikasema. "Njia ya mwongo ni fupi, na mimi naona nimefika ukutani."

"Baada ya Alhamisi."

"Atanuna."

"Atanuna, ndiyo. Lakini atanuna akiwa mkweo. Akinuna leo atanuna akiwa mama wa Naglaa asiye na mchumba, na mimi sirudii tena kupokea waposaji na sinia. Sirudii, Hilmi."

Alisema hayo akiwa anapanga herufi kwenye kisosi, hakunitazama. Nikanyamaza. Mnaona jinsi nilivyo mwepesi wa kunyamaza.

Nilikuwa nimefika kwenye kitufe cha herufi ra. Chini yake sukari ilikuwa imejaa, nzito kama asali. Nimeshalowesha pamba, ndiyo kwanza naigusa, mlango ukafunguliwa.

"Mnafuta kompyuta," akauliza Bi Inshirah, "au mnafuta nini?"

Naglaa aliruka mpaka kwenye jiko. Mimi nikabandika kitufe cha ra mahali pake, pap, kama mtu aliyekutwa na mkono ndani ya mfuko wa mwenzake. Kisha nikavirudisha vilivyobaki mbele ya macho yake, taratibu, kwa uso wa kitaalamu. Ra sikuigusa tena. Niliisahau kabisa, wallahi.

Kompyuta ikaanikwa kichwa chini kwenye roshani, katikati ya mashada ya vitunguu saumu. Nikaamuru isiguswe mpaka Jumanne. Ami Midhat aliweka kiti cha plastiki pembeni yake akaketi, kama mtu aliyelaza mgonjwa.

Jumanne nikaja nimenyoa. Sebuleni Ami alikuwa ameshika tasbihi. Nikageuza kompyuta, nikapuliza, nikachomeka waya, nikasema bismillahi.

Ikawaka.

Kitabu kilikuwepo. Vitenzi vyote vilikuwepo, hata vile ambavyo wanasarufi huviita vibovu. Ami Midhat akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena akaifuta. Kwa mtu wa sarufi hicho ni kilio.

"Mwanangu," akaniambia, "Alhamisi nitakaa mbele ya sheikh, na mkono wangu nitautoa kwa furaha."

Bi Inshirah akapiga kigelegele kilichofika barabarani. Akafungua mlango akawaambia wa ngazini: "Mhandisi wetu kaifufua! Kahawa iliipiga, yeye kaifufua!" Akarudi amejaa pumzi.

"Sasa nataka watu wote wajue. Fungua lile grupu la simu, la familia zote mbili. Kwa jina lako. Hapo hapo kwenye hiyo laptopu, waone inaandika."

Nikafungua. Akasimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Andika kama wewe. Andika: Mama mkwe wangu mpendwa alinimiminia kahawa, ikamwagika, ikawa kheri."

Nikaandika. Mimi huandika nikitazama vidole, si kioo. Kwenye viazi hatuandiki sana. Nilipomaliza, kabla sijainua macho, mkono ulipita juu ya bega langu. Bi Inshirah alibonyeza kutuma kwa kidole chake mwenyewe.

Wa kwanza kujibu alikuwa shangazi yangu wa mapazia. Alituma nyuso zinazocheka mpaka zinatoa machozi, mstari mzima. Nikafurahi. Kisha binamu yake Naglaa akaandika: "Punda yupi huyo?"

"Punda?" akauliza Bi Inshirah. "Anasema punda gani?"

Ami Midhat akasogeza kiti. Akaweka miwani vizuri. Akasoma.

Hapa wasomaji wangu mnivumilie kidogo. Kwa Kiarabu chetu mama mkwe wangu ni hamati. Punda jike wangu ni himarati. Na kwa kuwa irabu fupi hatuziandiki, kati ya mkwe na punda kuna herufi moja tu. Herufi hiyo ni ra.

"Himarati mpendwa," akasoma Ami Midhat, kwa sauti ya darasani, kila irabu mahali pake, "alinimiminia kahawa, ikamwagika, ikawa kherrrri."



"Neno himarati," akaendelea, maana ualimu haufi, "ni nomino. Ya kike. Umoja. Ile i ya mwisho yaonyesha mwenye mali, ambaye ni Hilmi. Mpendwa ni sifa, nayo imefuata nomino yake kama inavyotakiwa." Akafikiri. "Kheri ina ra nne, hilo ni kosa. Lakini kwenye punda, sarufi haina kosa hata moja."

Simu ya Bi Inshirah ikaanza kuita. Dada yake. Akaizima. Ikaita tena. Mjane wa ghorofa ya juu.

"Hilmi," akasema. Hakusema mwanangu, hakusema bashmuhandis. "Umeniita punda mbele ya ukoo?"

"Mama, si mimi. Ni kitufe. Ra imenata, inajiandika yenyewe. Tazama kheri ilivyofanya."

"Imenata vipi? Wewe si umetengeneza?"

Hapo ndipo nikaelewa mahali niliposimama.

Kama kompyuta imepona, basi mimi ni mhandisi hodari wa kompyuta niliyekaa kitako nikamwita mama mkwe wangu punda, nikampa na sifa inayofuata nomino. Kama haijapona, basi mimi si mhandisi wa kompyuta. Njia ya tatu niliitafuta. Nilimtazama Naglaa, naye alikuwa anatikisa kichwa polepole, hapana, hapana.

Simu ikaita mara nyingine. Bi Inshirah alikuwa ameshika ukingo wa meza, na macho yake yalikuwa yamelowa. Hilo sikulitegemea. Nilimzoea akiwa mkali. Kumwona ameumia kulinichoma kuliko nilivyodhani, maana tangu mama yangu afariki hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kunipigia kigelegele.

"Haijapona, mama," nikasema. "Niliifuta nusu. Mimi si mhandisi wa kompyuta. Sijawahi kuwa. Ni mhandisi wa kilimo. Nakagua viazi."



"Viazi gani?" akauliza Ami Midhat.

"Vya mbegu, Ami."

"Na king'amuzi changu?" akauliza Bi Inshirah.

"Nilikizima nikakiwasha."

 Nadhani hilo lilimuuma kuliko viazi.

"Miezi yote hii nakuita mhandisi wa kompyuta mbele ya watu, na wewe unakunywa kahawa yangu."

"Niliogopa utanisindikiza mlangoni kama yule daktari."

"Yule daktari alisema ng'ombe kwa mdomo wake mwenyewe," akasema. "Nilimtoa mlangoni, lakini hakunifanya kichekesho." Kisha akageuza shingo. "Naglaa. Wewe ulijua?"

Naglaa angeweza kusema hapana. Ningemlinda, ningeapa. Akautazama ule weusi wa kahawa kwenye zulia, doa ambalo mama yake alikataza lisifutwe.

"Nilijua, mama."

Bi Inshirah akaondoka sebuleni. Tukasikia mlango wa kabati la jikoni, tukasikia maji, tukasikia kiberiti.

"Anapika kahawa," akanong'ona Naglaa, na rangi ikamrudia usoni kidogo.

Mimi pia nikapata pumzi. Mtu anayekupikia kahawa hajakufukuza. Ami Midhat alikuwa ameshaanza kuhariri. Anaandika neno, ra inajichomeka, anaifuta, anaguna. "Alhamisi," akasema bila kuinua macho, "lolote litakalokuwa, mtu asinipe kitu cha kuandika."

Bi Inshirah akarudi na sinia, vikombe vitatu. Alikuwa ameosha uso. Cha kwanza akampa shemeji yake. Cha pili akampa binti yake. Cha tatu akanipa mimi, kwa mikono miwili, na safari hii sikusimama. Nilibaki nimekaa, magoti yamebana.

Ami Midhat akanywa, akalamba midomo. "Umeizidisha sukari, Inshirah. Utaniua."

Naglaa akanywa. Akatabasamu kwenye kikombe.

Nikanywa.

Kikombeni hamkuwa na sukari. Haikuwa imepungua, wala haikuwa imesahaulika chini bila kukorogwa. Hamkuwa na hata chembe. Ilikuwa ile chungu, ya siku ile waliyomzika baba yake Naglaa, ameipika kikombe kimoja, peke yake, na watu wawili pembeni yangu hawajui.

Nikainua macho. Bi Inshirah hakuwa ameketi. Alisimama mbele yangu na sinia tupu kifuani, ananitazama kwa utulivu, kama mtu anayesubiri kioo kiwake.

"Sukari imetosha?" akauliza.

Nikisema imetosha, nimemdanganya tena, na kipindi hiki nikimtazama machoni. Nikisema haimo, nitakuwa nimetamka mwenyewe, mbele ya ami wa bibi harusi, kwamba katika nyumba hii nimeshapikiwa kahawa ya matanga. Na Naglaa, aliyekuwa bado anatabasamu, aliuona uso wangu, akaacha kutabasamu, akanyoosha mkono achukue kikombe changu aonje.

Nikakishika kwa nguvu.

"Mama anakuuliza, Hilmi," akasema Naglaa.